Kwa nini Lucille Ball tunamjua na Gertrude Berg kasahaulika? (Uzi mrefu, njoo na chai)

Nyuma ya Kamera (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila tukigusia humu wanawake walioasisi vichekesho vya runinga, jina la kwanza kutajwa ni Lucille Ball. Sina ugomvi na Lucy. Ila alipoanza kuonekana na kipindi chake Oktoba 1951, Marekani ilikuwa tayari na mwanamke aliyebeba Emmy (tuzo kubwa ya runinga), aliyetunga familia nzima ya wahusika, akaiandikia kwa mkono wake kwa zaidi ya miaka 20, akaigiza kama mama wa familia hiyo, na juu ya yote kipindi kikawa mali yake. Gertrude Berg. Leo hata Wamarekani wengi ukiwatajia jina hilo wanakutumbulia macho tu.

Nitaleta kwa vipande. Mwenye swali aulize palepale, asisubiri nimalize.

Alizaliwa New York, Oktoba 1899, akaitwa Tillie Edelstein, mtoto wa familia ya Kiyahudi. Baba yake, Jacob, aliendesha hoteli ya wageni wa kiangazi huko Fleischmanns, kwenye milima ya Catskills. Hoteli ya milimani ina adui mmoja: mvua. Ikinyesha siku mbili mfululizo wageni wanachoka, watoto wanalia, na mwenye hoteli anaanza kuogopa watu wasije wakafunga mizigo. Binti ndiye akapewa kazi ya kuwachangamsha. Akawa anatunga vichekesho vifupi na kuviigiza yeye mwenyewe. Katika hivyo alimzaa mama mmoja anayeitwa Maltke, mwenye mume asiye na faida, na huyo Maltke akaendelea kukua hadi akawa Molly Goldberg.

Nyumbani kwao hakukuwa na kicheko kingi. Kaka yake alifariki angali mtoto, na mama yao hakupona pigo lile. Akili ilimyumba, mwisho akaishia kuishi hospitalini. Kwa hiyo yule mama wa kwenye redio ambaye kila jirani anamkimbilia na kila shida anaijulia, kaandikwa na binti aliyekosa mama wa namna hiyo. Mengine pimeni wenyewe.

Mwaka 1918 aliolewa na Lewis Berg, mhandisi. Wakahamia Louisiana ambako mume alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari. Kiwanda kikaungua, wakarudi New York, sasa wana watoto wawili. Hapo ndipo mama wa nyumbani alipoanza kubisha hodi redioni.

Binti Ngamiani

Naweka kigoda. Dada, hawa Goldberg si ndio wale wa kipindi cha ABC, kijana na kamera yake, miaka ya themanini?

Nyuma ya Kamera

Hapana, shoga yangu. Hicho ni cha Adam F. Goldberg, kilianza 2013 na kinahusu familia yake yeye. Majina yamegongana tu. Na ndicho kinachomfukia Berg zaidi, maana ukitafuta mtandaoni unaletewa kile kwanza.

Tuendelee. Jaribio lake la kwanza lilihusu wasichana wawili wauza duka, Effie na Laura. Kilirushwa kipindi kimoja tu, kikafutwa. Akarudi na wazo la familia ya wahamiaji wa Kiyahudi kwenye mtaa wa wapangaji: Molly, mumewe Jake mshona nguo, watoto Rosalie na Sammy, na mjomba David. Inasimuliwa kwamba alipeleka mswada ameuandika kwa mkono, hati haisomeki. Mkubwa wa redio akamwambia basi usome mwenyewe. Akausoma kwa sauti zote, mama, baba na watoto, na jamaa akataka kipindi pamoja na msomaji. Wapo wanaosema ile hati mbaya ilikuwa ya makusudi. Mimi naamini. Mtu aliyewakalisha wageni wa hoteli ndani siku ya mvua anajua karatasi peke yake haiuzi kitu.

Kampuni ya utangazaji ya NBC ikaanza kukirusha tarehe 20 Novemba 1929, kwa jina la *The Rise of the Goldbergs*. Tazameni hiyo tarehe: soko la hisa la Wall Street lilianguka mwishoni mwa Oktoba, wiki chache tu kabla. Watu wanapoteza kazi na akiba, halafu redioni inaingia familia ya watu wa kipato cha chini inayobishana juu ya kodi, chakula na posa.

Sauti ya Gharama

Mkuu, mimi nipe hesabu. Alilipwa shilingi ngapi?

Nyuma ya Kamera

Nilijua tu utauliza. Dola 75 kwa wiki, na humo humo awalipe waigizaji. Mambo yalibadilika 1931 alipopatikana mdhamini, dawa ya meno ya Pepsodent, na kipindi kikawa karibu kila siku. Enzi zile mdhamini alikuwa kila kitu. Kampuni ndiyo iliyokuwa inanunua muda, inalipia kipindi, na inaamua nani abaki na nani aondoke. Shikeni hilo la mdhamini, tutalirudia kwa machungu.

Kuhusu kazi yenyewe: aliamka alfajiri, akaandika kwa penseli, asubuhi akaenda studio kuongoza mazoezi, kisha akaigiza. Kila siku. Miswada ikafika maelfu, na sehemu kubwa ya makaratasi yake leo imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Syracuse. Hakupenda sauti za kuigiza; mama akikaanga mayai kwenye hadithi, mayai yalivunjwa kweli mbele ya maikrofoni. Na kwa kuwa yeye mwenyewe aliishi Park Avenue, mtaa wa wenye nazo, alikuwa akishuka hadi Lower East Side kwenye masoko ya wahamiaji, anazunguka kwenye mikokoteni, anasikiliza wanawake wanavyopatana bei.

Hili watu huwa hawalitegemei. Molly alizungumza Kiingereza cha mhamiaji, maneno yamepinduliwa, methali zimekatwa nusu. Gertrude mwenyewe alizungumza Kiingereza kilichonyooka, akavaa manyoya na lulu. Molly alikuwa kazi ya mikono yake kuanzia unyayo hadi utosi.

Mwalimu Mstaafu

Naomba kutia neno. Tusije tukadhani ilikuwa ni kuchekesha tu. Aprili 1939, miezi michache baada ya ule usiku wa Novemba 1938 ambapo Wanazi walivunja maduka na kuchoma masinagogi ya Wayahudi Ujerumani, mama huyu aliandika kipindi cha usiku wa Pasaka ya Kiyahudi. Familia ipo mezani, ibada inaendelea, jiwe linapita dirishani. Watoto wanaogopa. Baba anaendelea kusoma. Hiyo ilirushwa redioni kwa Marekani nzima, wakati watangazaji wengi walikuwa wanakwepa kabisa kuyagusa mambo ya Ulaya.

Nyuma ya Kamera

Asante sana Mwalimu, umeniwahi. Na tukumbuke wasikilizaji wake wengi hawakuwa Wayahudi. Kuna wakati aliugua kipindi kikasimama, NBC ikapokea barua kwa maelfu. Watu wa mashambani ambao hawajawahi kumwona Myahudi waliandika kuuliza hali ya Molly.

Kijana wa Kariakoo

Sasa runinga iko wapi? Kichwa cha uzi kinasema runinga, nipo redioni tangu saa tatu.

Nyuma ya Kamera

Tulia mdogo wangu, tumefika.

Redio iliisha kwake katikati ya miaka ya 1940. 1948 akaipeleka familia ile jukwaani Broadway, *Me and Molly*, na katika igizo hilo nafasi ya mume, Jake, ikashikwa na Philip Loeb. Likumbukeni jina hili. Kisha akaigeukia televisheni, ambayo bado ilikuwa mtoto mchanga. Wakubwa walisita, ikabidi amfuate William Paley, bosi wa CBS, na Januari 1949 *The Goldbergs* ikaanza kuonekana. Mubashara. Hakuna kurudia, hakuna kukata. Ukisahau maneno, nchi imekuona.

Kinafunguka hivi: Molly anachungulia dirishani, nyumba namba 1038 East Tremont Avenue, Bronx, anakutazama wewe usoni kana kwamba wewe ndiye jirani wa dirisha la pili. Anakupigia umbea kidogo, anakusifia kahawa ya Sanka, kopo la Sanka lenyewe liko hapo dirishani limeoteshwa ua. Halafu anageuka ndani, na hadithi inaanza. Wachambuzi wanaweza kuandika kurasa nyingi juu ya namna runinga inavyozungumza na mtazamaji. Huyu mama alilijua jibu tangu wiki ya kwanza. Na tangazo la biashara, ambalo kwa wengine lilikuwa karaha, kwake likawa sehemu ya mazungumzo.

Wenye macho watagundua kitu kingine. Sebule, jiko, mlango wa kuingilia majirani bila hodi, mama mwenye busara, baba mwenye hasira za haraka, mjomba wa ziada anayekula bure, tatizo dogo linaloanza dakika ya tatu na kuisha dakika ya ishirini na saba. Karibu kila kichekesho cha familia ulichowahi kutazama kimekaa kwenye sebule ile.

Januari 1951 akapata Emmy ya mwigizaji bora wa kike, ya kwanza kabisa kutolewa. Kati ya aliowashinda usiku ule yumo Betty White. Mwaka uliotangulia, 1950, Paramount walikuwa wamewatoa hadi kwenye filamu.

Sauti ya Gharama

Sasa mbona unaongea kama mtu anayeelekea msibani?

Nyuma ya Kamera

Kwa sababu ndiko tunakoelekea.

Juni 1950 kilitoka kijitabu kinaitwa *Red Channels*. Walikitoa watu wa jarida la *Counterattack*, lililoanzishwa na maafisa wa zamani wa FBI. Ndani mna majina 151 ya watu wa redio na runinga wanaodaiwa kuwa na uhusiano na ukomunisti. Hakuna mahakama, hakuna ushahidi wa maana: huyu alihudhuria mkutano fulani, yule aliweka saini barua fulani. Wamo mwongozaji filamu Orson Welles, mwimbaji Lena Horne, mshairi Langston Hughes, mwanamuziki Leonard Bernstein. Na yumo Philip Loeb, yule Jake, mume wa Molly. Kosa lake kubwa kwa jicho langu ni kwamba alikuwa mpiganaji wa chama cha waigizaji, akidai walipwe hata kwa siku za mazoezi. Alikana kwamba ni mkomunisti, na hakuna aliyewahi kuthibitisha vinginevyo.

General Foods, wenye kahawa ya Sanka, wakamtaka Berg amwondoe. Akakataa. Kwa miezi kadhaa akakataa, na kwa kuwa alikuwa maarufu, walimwogopa kidogo. Lakini 1951 mdhamini akajitoa na CBS ikakifuta kipindi. Mwigizaji bora wa Marekani, mwenye Emmy ya mwaka huo huo, hana kazi.

NBC ikawa tayari kumchukua. Wadhamini hawakuja maadamu Loeb yumo. Mwanzoni mwa 1952 Loeb alikubali kulipwa fidia na kuondoka, na kipindi kikarudi hewani na Jake mwingine.

Mwalimu Mstaafu

Na tarehe 1 Septemba 1955 Philip Loeb alijiua, katika hoteli ya Taft hapo New York. Alikuwa na mtoto wa kiume mgonjwa wa akili aliyehitaji matunzo ya gharama, na kazi hapati tena. Alikuwa anaishi kwa hisani ya rafiki yake Zero Mostel na mkewe. Mostel naye alikuwa kwenye orodha ile ile, na miaka 21 baadaye, kwenye filamu *The Front* ya 1976, aliigiza mchekeshaji anayeishia kama Loeb.

Kijana wa Kariakoo

Basi huyu mama alimuuza rafiki yake. Samahani dada, lakini ndivyo ninavyoona. Angekataa hadi mwisho.

Binti Ngamiani

Kijana, alikataa! Kipindi kilifutwa kwa sababu alikataa. Unataka akatae mara ngapi? Na pale studio hakuwa yeye na Loeb peke yao, kulikuwa na waigizaji wengine, mafundi, watu wanaolisha watoto.

Kijana wa Kariakoo

Mwenye mali ni nani? Si mmesema kipindi ni chake? Angekifunga kwa heshima.

Sauti ya Gharama

Mwenye mali ni anayelipia hewa. Yeye alimiliki hadithi na wahusika. Mnara wa kurushia na pesa ya muda ni vya wengine. Mimi nimekulia redio ambayo mchezo ukinoga unakatwa na tangazo la sabuni, na hakuna aliyekuwa na jeuri ya kumwambia mwenye sabuni atoke.

Nyuma ya Kamera

Nitasema langu. Kijana hajakosea kabisa. Kipindi kilirudi bila Loeb, na aliyefaidika na kurudi huko ni Berg. Hilo halifutiki. Lakini wangapi walifanya hata nusu ya alichofanya? Katika miaka ile vituo vya utangazaji na kampuni ziliwatupa watu ndani ya siku moja, wengine kwa simu tu. Berg alipoteza mdhamini, kituo cha kumrushia kipindi, na zaidi ya nusu mwaka hewani kwa ajili ya mtu mmoja. Tumhukumu, lakini tuwapange kwenye foleni ya hukumu wale wa ofisini kwanza.

Sasa turudi kwenye swali la kichwa cha uzi, kwa sababu wengi humalizia hapa wakidhani woga wa ukomunisti ndio uliomfuta peke yake. Lucy naye alishikwa. 1953 ilifichuka kwamba mwaka 1936 alijiandikisha kama mpiga kura wa chama cha kikomunisti. Akaeleza kwamba alifanya hivyo kumridhisha babu yake. Akaitwa na kamati ya Bunge, akahojiwa. CBS na mdhamini wake, kampuni ya sigara ya Philip Morris, wakasimama naye. Mumewe Desi Arnaz akatoka mbele ya watazamaji studioni akawaambia chekundu pekee kwa Lucy ni nywele zake, na hata hizo si rangi yake halisi. Watu wakacheka, mambo yakaisha. CBS ile ile! Tofauti ni nini? Lucy alikuwa namba moja nchini, pesa nyingi mno kuitupa. Na mtuhumiwa alikuwa nyota mwenyewe, si mwigizaji wa pili ambaye mtu angedhani anabadilishika kama balbu.

Ila sababu kubwa zaidi ni ya kiufundi, na hii ndiyo huwa haisemwi. *The Goldbergs* kilirushwa mubashara kutoka New York. Kumbukumbu iliyobaki ni ile iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha runinga, wanaita kineskopu: picha ina ukungu, sauti inakwaruza. Vingi havikuhifadhiwa kabisa. Desi na Lucy walirekodi Los Angeles, kwenye filamu ya milimita 35, kamera tatu kwa pamoja mbele ya watazamaji, na kampuni yao ya Desilu ikabaki na haki za marudio. Picha safi inarudiwa. Miaka 70 Lucy anarudiwa. Kila kizazi kinamkuta pale pale sebuleni. Berg alikuwa na hatimiliki ya hadithi iliyoyeyuka hewani usiku ule ule iliporushwa.

Mwalimu Mstaafu

Hoja nzito. Niongeze na hii: walipoanza kurekodi kwenye filamu, msimu wa 1955 hadi 1956, waliwahamisha familia kutoka Bronx kwenda kitongoji cha kubuni, Haverville. Nyumba yake peke yake, bustani, majirani wa mbali.

Nyuma ya Kamera

Ndipo palipokufa, Mwalimu. Molly bila dirisha la kumwita jirani hana kazi. Ulikuwa msimu wa mwisho.

Lakini mama hakukaa kulia. 1959 alishinda Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani, kwa igizo *A Majority of One*, akiwa mjane wa Kiyahudi kutoka Brooklyn anayezoeana na mfanyabiashara wa Kijapani, wote wawili wamepoteza watoto kwenye vita. Emmy na Tony, tena moja imepatikana kwa mhusika aliyemtunga mwenyewe. Filamu ya igizo hilo ilipotoka 1961, nafasi yake akapewa Rosalind Russell, ambaye si Myahudi. Hollywood bwana. Mwaka huo huo Berg akatoa kitabu cha maisha yake, *Molly and Me*, akasaidiwa na mwanawe Cherney, na akarudi CBS na kichekesho kipya cha mama mtu mzima anayeanza chuo kikuu. Kilidumu msimu mmoja. Alifariki New York, Septemba 1966, akazikwa Fleischmanns.

Binti Ngamiani

Nimekuelewa dada. Ila mume wake yuko wapi katika haya yote? Wanaume wa enzi zile wangevumilia mke anayelipwa kuliko wao?

Nyuma ya Kamera

Lewis alibaki. Waliishi pamoja hadi kifo kikawatenganisha, hakuna tamthilia hapo. Uzi wenye mume mtulivu haunogi, ndiyo maana nimemruka.

Kijana wa Kariakoo

Sawa, bado nashikilia langu kuhusu Loeb. Lakini nataka kuona mwenyewe kabla sijaendelea kubisha. Naanzia wapi?

Nyuma ya Kamera

Kuna filamu ya maisha yake, *Yoo-Hoo, Mrs. Goldberg*, ya Aviva Kempner, 2009. Inaeleza sana suala la Loeb, utapata silaha za kunipigia. Lakini anza na vipindi vyenyewe, vichache vilivyobaki vimewekwa mtandaoni. Tafuta kile cha 1949 cha mgomo wa kodi ya nyumba: mwenye nyumba kapandisha kodi, Jake kagoma kulipa, na Molly yupo katikati. Huyo Jake utakayemwona ni Philip Loeb. Ukimaliza rudi hapa tuendelee.